Desemba Watoto Walipoosha Nyumba ya Udongo

Watu huniuliza kama sikufurahi watoto wakifunga shule. Nilifurahi, ndiyo, mpaka wafike mlangoni. Baada ya hapo nilichoka.

Tulikaa laini, zile nyumba za vibarua, kwenye shamba la mzungu upande wa Endebess, nyumba ya mviringo ya udongo na nyasi. Shule zikifunga Desemba, mahindi ndiyo yanavunwa, kwa hiyo watoto wanaingia na shamba zima miguuni. Nafagia, wanapita. Nafagia tena, mmoja anakumbuka ameacha manati chini ya kitanda. Kusafisha nyumba wakati wa likizo ni kama kufua nguo ambayo mwenyewe bado ameivaa.

Wakubwa wangu, msichana na mvulana anayemfuata, walisoma bweni kwa wamisionari kule Bungoma. Mdogo, msichana ambaye hajaanza shule, nilikuwa naye mimi. Na huyo ndiye aliyeleta maneno. Mama mkwe wangu, aliyekaa karibu na Myanga, hakukubali kamwe kwamba laini ni nyumbani. Alimwambia mume wangu, "Mahali pa kuvuna mahindi ya mtu si pa kulelea mtoto. Desemba nakuja kuangalia. Nikikuta uchafu, huyo mdogo naondoka naye."

Kwetu nyanya akisema anamchukua mjukuu, hakuna wa kumpinga. Mume wangu alinyamaza. Wanaume hunyamaza vizuri sana mbele ya mama zao.

Ile wiki ya kuja kwake nilifanya kazi kama punda. Mchana kuvuna, jioni nyumba. Siku ya mwisho nilichota mavi mabichi ya ng'ombe, nikachanganya na majivu, nikapiga magoti, nikapaka sakafu yote na ukuta kwa chini, kwa kiganja, mpaka ikatulia kama ngozi. Mgongo ulikataa kunyooka. Lakini ilipendeza, na sioni haya kusema hivyo. Katika laini ile yote hakuna mwanamke aliyenishinda kupaka.

Asubuhi nikawaambia wakubwa wafagie tu, nikaenda shambani. Nyuma yangu kuku akaingia, akanya katikati ya nyumba. Msichana wangu mkubwa akaona aibu inakuja. Huko bweni sakafu ni ya simiti, na Jumamosi wanaimwagia maji, wanasugua, wanayasukuma nje kwa ufagio. Akafanya vivyo hivyo. Yeye anamwaga ndoo, kaka yake anasugua kwa magunzi ya mahindi.

Nilirudi nikakuta bwawa. Mavi yameyeyuka, udongo wa chini umefunguka, kiti kimezama mguu mmoja. Yule mdogo amekaa katikati ya matope anafinyanga ng'ombe.

"Bado kidogo, mama," mvulana akasema. "Ati tukisugua ndio inazidi kutoa uchafu."

"Endelea tu," nikamwambia. "Utatokea Uganda."

Sikumpiga mtu. Mkono wa kupiga sikuwa nao. Nilikaa kizingitini na nguo za shamba, na hapo ndipo mama mkwe alinikuta, ameshuka kwenye lori ya maziwa kutoka Kitale, mkungu wa ndizi kichwani. Akatazama ndani.

"Mvua ilinyesha nyumba hii peke yake?"

"Ni wajukuu wako, mama. Walikuwa wanakusafishia."

Akamgeukia msichana. "Nani alikwambia nyumba inaogeshwa?"

"Kukhu," akajibu, ndivyo walivyomwita nyanya yao, "shuleni tunafanya hivi."

"Na hiyo ya shule haifi?"

"Haifi, kukhu. Ni simiti."

Bibi akatua ndizi, akapandisha nguo, akaingia kwenye matope. Akagusa ukuta pale maji hayakufika, akapitisha kidole kwenye alama za kiganja changu. Akafunua sufuria, akazinusa. Akainama akachungulia chini ya kitanda, polepole, akishika kiuno. Mimi nilikuwa namtazama mdogo wangu, matope mpaka masikioni, nikijua ameshachukuliwa.

"Uchafu naujua," mama mkwe akasema. "Hii nyumba imelowa, si chafu. Aliyepaka huu ukuta si mvivu." Akamwangalia mdogo na ng'ombe wake. "Huyu mwache hapa. Lakini hawa wakubwa naondoka nao mpaka shule ifunguliwe. Kwangu kuna nyumba na jiko la kupaka, na magoti yangu hayakunjiki tena."

"Lakini kukhu, si ni likizo," msichana akaanza.

"Likizo ni ya mwalimu. Wewe mwalimu?"

Mvulana akacheka, akaambiwa na yeye atachota mavi.

Tulilala kwa jirani. Kesho yake wakaondoka, wakubwa wamenuna, bibi mbele. Nyumba ikawa kimya. Nilitaka kulala tu, lakini sakafu haijipaki, nikapiga magoti tena. Yule mdogo akanifuata nyuma na mavi kwenye kiganja chake, akiharibu kila nilipomaliza, akiniuliza, "Mama, napaka vizuri?"

"Unapaka vizuri," nikamwambia, nikarudia pale pale.