Akiba ya Binti Likongo

Binti Likongo wa Mahurunga aliolewa na mwanamume mwema, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Mumewe, Issa Nampunju, hakuweza kumwona mtu anapita njiani akamwacha apite. "Karibu chakula," aliita, hata kabla hajauliza jikoni kama chakula kipo. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Issa, siku ya tatu mgeni alichinjiwa kuku, na jembe lenyewe lilikuwa limeshaazimwa na mgeni wa mwezi uliopita.

Mkewe alimpenda, ila njaa aliiogopa kuliko alivyompenda. Mwaka Ruvuma ilipofurika ikazoa mashamba, walichimba mizizi ya ming'oko porini mpaka mikono ikachubuka, na mtoto wake wa kunyonya akalia juu ya titi lisilo na kitu. Mtoto alipona. Mama mtu hakupona. Tangu hapo hakupata usingizi katika nyumba isiyo na akiba.

Magunia ya kununua hakuyaweza, basi akaanza na konzi. Kila alipokwenda kutwanga, konzi moja ya mtama aliirudisha mtungini. Muhogo aliumenya akauanika juu ya paa ukawa makopa. Kunde alizichanganya na majivu ya jikoni zisiliwe na wadudu, kisha akaziba mdomo wa chungu kwa udongo. Haikumgharimu ila jasho. Kazi ilikuwa pa kuficha, maana Issa angeiona tu, Ijumaa msikiti mzima ungekuwa umealikwa.

Ndipo alipokumbuka jambo ambalo mwanamume wa kule hathubutu kuligusa. Akajaza vyungu vyake katika chumba cha uani, akatundika kaniki mlangoni, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Baba Salumu, humo mna vitu vya unyago. Nimewekeshwa amana."

Issa alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Kuanzia siku ile akipita uani aligeuzia uso ukutani, na mara moja alijigonga kwenye ukingo wa paa akavimba paji la uso. Binti Likongo alicheka peke yake mwezi mzima.

Alichosahau ni kwamba mumewe alikuwa hawezi kukaa na neno kama alivyokuwa hawezi kukaa na kuku. Issa alimwambia mmoja, naye akawaambia wengine, na penye unyago pana karamu. Asubuhi moja wanawake wakajaa uani, wengine wametoka mbali huko Mpapura, kila mmoja na kikapu cha chakula cha kumsaidia mwenye ngoma kama ilivyo ada. Mbele yao alikuwa kungwi mwenyewe, Bi Mwanahawa.

"Mwali yuko wapi?" akauliza.

Binti Likongo alikuwa na watoto wanne, wote wa kiume. Akamshika kungwi mkono, akamwingiza chumbani, akaanguka magotini. "Somo, nimeusingizia unyago. Niliogopa njaa."

Kosa hilo si dogo. Bi Mwanahawa alitazama mitungi, akanusa makopa.

"Mume wangu mimi," akasema mwishowe, "alimpa mgeni mto niliokuwa nimeulalia." Kisha akakunja uso. "Faini yako ni hii: hao walioko nje wataweka vikapu vyao humu, na njaa ikija watakula humu."

Akatoka akatangaza kwamba mwali bado. Wanawake wakacheza kidogo, wakaacha vikapu, wakarudi kwao wakinung'unika kwa njaa.

Haukupita muda, paka mmoja wa madoa akatokea, akaweka makao mlangoni pa chumba kile. Binti Likongo akamshukuru Mungu, maana panya walikuwa wameanza.

Mwaka uliofuata mvua ilikatika mahindi yakiwa yanafika magotini. Bi Mwanahawa akapitisha neno, wanawake wakawa wanapitia mlango wa uani na vikapu vyao, na kaniki ikafunuliwa kila siku. Watu walikonda, lakini hakuna aliyekwenda kuchimba ming'oko.

Jioni moja Issa alikuwa barazani akila ugali wa makopa, mkewe karibu yake, akapita mtu. Issa akainua mkono, akafungua kinywa. Kisha akakijaza tonge.

Binti Likongo hakuamini macho yake. "Baba Salumu, humkaribishi?"

"Chakula cha unyago hiki. Mimi mwanamume nitamkaribisha vipi?"

Mkewe akaacha kutafuna. "Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipoona panya wanaingia mle. Panya na unyago wapi na wapi?"

"Na hukumwambia mtu?"

"Nilisema mara moja, ukaletewa kungwi." Akanawa mkono taratibu. "Na yule paka, ulidhani alijileta? Nilikwenda kwa yule mgeni aliyeazima jembe, nikamwambia arudishe. Jembe limevunjika, akanipa paka."

Binti Likongo akageuza uso, machozi yakimlengalenga. Miaka yote ya ndoa yao, hakuwahi kusikia Issa amekwenda kudai kitu chake.