Rangi Niliyoitafuta Juani

Neema mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, mtoe kwanza mtoto hapo juani, halafu ukae unisikilize. Nimekasirika, sitakuficha. Mtoto albino unampaka mafuta na kumwanika saa sita mchana, eti apate rangi? Hayo niliyafanya mimi mwenyewe, hapahapa kambini Dzaleka, tulipofika Malawi kama wakimbizi.

Furaha wangu, albino kama wako, alizaliwa mwaka wetu wa pili tangu tutoke Bukavu. Kwetu mtoto akishaogeshwa hupakwa mafuta, akaota jua la asubuhi, mifupa ipate nguvu. Mi nikazidisha. Nilimlaza kwenye kitenge mpaka mchana, na siku za mgao wa mahindi nilimbeba kwenye foleni kichwa wazi. Akawa mwekundu, akatoka malengelenge, nikasema ndo rangi inaanza kuingia. Jirani yetu, mama mzee wa Kinyarwanda, alinifokea mbele ya foleni nzima: "We mama, unaunguza mtoto. Jua haitamupa rangi, inamukula." Nikamjibu kwa jeuri ashughulike na wajukuu wake. Ujinga mtupu. Nilikuwa naona aibu, mwanangu, nilitaka watu waache kututazama.

Alipofika miaka kumi na minne, kidonda kilimtoka sikioni. Kikikauka kinarudi, nami napaka vaselini tu, miezi inakwenda. Tulipofika hospitali Lilongwe, daktari alisema ni kansa, akakata nusu ya sikio. Kwenye minibasi ya kurudi Furaha aliniuliza, "Mama, nani alikuambiaka jua inaleta rangi?" Nikamwambia hakuna, nilijitungia mwenyewe.

Kwa hiyo usiniambie hukujua, leo umejua. Mvalishe kofia pana na mikono mirefu, hata siku ya mawingu. Shughuli zako za nje zifanye asubuhi mapema au jioni, mchana akae kivulini. Akikua kidogo, mwombee kliniki mafuta ya kuzuia jua, umpake usoni, shingoni, na masikio usiyasahau. Wakikwambia yamekwisha, nguo haijaisha. Kidonda kikikaa wiki mbili tatu bila kupona, mkimbize kwa daktari, usingoje kama nilivyongoja mimi. Na wakikutazama kwenye foleni, watazame na wewe.

Mungu akupe ukali wa kumlinda, mwanangu, na aibu yangu isikufikie. Huyo mtoto azeeke na masikio yake yote mawili.