Nilizima Sauti ya Mama Aliyekuwa Akimwita Mwanawe

Mimi ndiye niliyeizima ile sauti. Si mashini, si kampuni, si Wazungu wa mtandao. Ni kidole changu. Jina langu siwezi kuliandika hapa, maana mama niliyemkosea tunasali naye kanisa moja hapa Kalemie, na hadi leo akinikuta njiani ananipa mkono na kuniuliza watoto wangu wameamkaje.

Kazi yangu ni video. Arusi, matanga, ubatizo, kwaya, ukiniita nakuja na kamera yangu. Zile nzuri naziweka mtandaoni ili ndugu zetu walio mbali nao waone. Nina jina la utani ambalo mji mzima unalijua, na nilikuwa nalipenda kupita kiasi.

Vita vya upande wa Nyunzu vilipopamba moto, watu walimiminika huku kwa miguu, wakifuata reli. Kanisa letu lilijaa wageni. Kati yao alikuwako mama mmoja ambaye nitamwita Mama Feza, ingawa si jina lake. Alikuwa na sauti ambayo ukiisikia unaacha ulichoshika. Kwaya haikukawia kumfanya mwimbishaji.

Mama huyo alikuwa amepotezana na mtoto wake wa kiume njiani. Risasi zililia, watu wakatawanyika porini, na walipokusanyika tena kwenye reli mtoto hakuwako. Alikuwa mdogo mno, ndiyo kwanza maneno yake yameanza kueleweka. Jina alilolijua ni lile la nyumbani tu.

Sasa, tuna wimbo wa kuomboleza ambao kwaya inaimba kiitikio, kisha inanyamaza. Kwenye ule ukimya mwenye msiba anaingia na kuita majina ya watu wake. Miaka ile ya vita tulianza kuwaita hata waliopotea, siyo waliokufa peke yao. Unataja jina, kijiji, na alama ya mwili. Kisha kwaya inaitikia tena.

Niliurekodi wimbo huo, kiitikio chake, Mama Feza akiimbisha. Ulitoka vizuri sana.

Wakati huo nilikuwa na hasira yangu. Mtu mmoja wa Lubumbashi alikuwa anachukua video zangu, anafuta jina langu na kuweka lake. Siku moja matangani kijana akaniuliza, "Papa, weye njo unaiga zile video za yule wa Lubumbashi?" Mimi! Niige vitu vyangu mwenyewe! Nilikosa raha hata ya kula.

Ndipo nikajifunza kwamba kuna kampuni unayoiandikisha sauti yako, na kuanzia hapo mashini inasikiliza video za dunia nzima. Ikiikuta sauti hiyo kwa mtu mwingine inamkamata, nawe unachagua imwache au imzimie sauti. Nikaandikisha sauti za video zangu zote, na wimbo ule ukiwemo. Palipoulizwa mwenye wimbo ni nani, nikaandika jina langu. Sikuandika la kwaya, wala sikumuuliza mtu. Na kwenye adhabu nikachagua kuzima.

Mashini ikaanza kuwakamata. Aliyekamatwa anaruhusiwa kulalamika, na lalamiko lake linaletwa kwangu, niamue mimi mwenyewe. Yule wa Lubumbashi alilalamika, nikamkataa, na siku hiyo nilikula nikashiba. Wengine wakafuata, nikawakataa. Nikazoea kukataa.

Siku moja niko arusini, namngojea bibi arusi ashuke kwenye gari, simu ikalia. Lalamiko jingine. Akaunti sikuijua, ila ile picha ndogo niliiona vizuri: kina mama wa kwaya yetu, vitenge vyao vya sare, na Mama Feza katikati. Nitasema ukweli wote. Sikudhani ni mwizi. Niliwatambua. Nilichokifikiria ni hiki: hata hawa, wanatumia sauti yangu bila kuniambia. Nikabonyeza kukataa. Bibi arusi akashuka, nikaendelea na kazi.

Video yenyewe sikuifungua.

Ningeifungua ningeelewa. Waimbaji wengi walikuwa wamehama tena, wengine wameenda Moba, wengine wamevuka ziwa, kwaya imebaki ya watu wachache. Basi wale waliobaki walipiga rekodi yangu kwenye spika, wakaitikia pamoja nayo, na kwenye ule ukimya Mama Feza akamwita mtoto wake. Waliirusha ili iwafikie wakimbizi wetu kokote waliko. Mashini haikujua kutenganisha. Ilizima kila kitu, wimbo na mama. Na sauti iliyotumika kumnyamazisha ilikuwa yake mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyeimbisha kwenye rekodi.

Jumapili iliyofuata raisi wa kwaya alikuja kwangu pamoja na Mama Feza.

"Papa, weye unajua mambo ya mutandao," raisi alisema. "Tulitia video, sauti ikapotea. Tuliandika kuomba, wakatukatalia. Njo nani hao?"

"Njo Wazungu wenye mutandao," nikajibu. "Wako vile."

"Tutengeneze ingine?" Mama Feza aliuliza.

"Hapana, Mama. Mungojee. Nitawaandikia."

Kwa nini nilisema hivyo? Aibu tu. Niliogopa wataanza kuulizauliza, waende kwa mjuzi mwingine, naye awaonyeshe jina la anayedai. Nilipanga kuirudishia sauti kimya kimya siku hiyohiyo. Kisha nikaona, sauti ikirudi ghafla watanishuku. Nikasema kesho. Kesho kukawa na matanga, keshokutwa umeme unaotoka bwawa la Bendera ukakatika, na hilo nalo nikalizoea. Wao walikuwa wananingojea mimi.

Mvua zilipoisha akafika mgeni kanisani, mama muuza dagaa aliyekuwa amekimbilia Moba. Siku hiyo kwaya iliimba ule wimbo. Mama Feza akaita. Yule mgeni akasimama katikati ya ibada.

"Mama, unasema jina gani?"

Mama Feza akalirudia, pamoja na alama ya mwili.

"Huyo mutoto alilala kwangu," mgeni akasema. "Kule Moba. Alikuwa na familia moja, walimuokota ku reli. Batu bazuri. Waliuliza kila muntu, mutoto wa nani huyu."

"Na video yetu? Haikufika kule?"

"Tuliiona, Mama. Ilizunguka simu zote. Lakini haikukuwa na sauti. Tuliona tu kina mama banafungua vinywa. Tukasema simu njo mbovu."

"Sasa wako wapi?"

"Walisha kwenda. Njia ya Zambia. Ni siku nyingi."

Mama Feza hakulia. Alikaa chini sakafuni, akavua viatu vyake, akavishika mkononi kama mtu anayetaka kuanza safari. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na kamera yangu.

Alipoinuka akanijia. "Papa, tufanye ingine. Ila utafute namna hiyo mashini isikate sauti."

Nikamwambia, "Nitajaribu, Mama."

Nitajaribu! Kitu nilichokuwa nacho mfukoni muda wote ule.

Siku hiyo niliondoa madai yangu yote na kufuta jina langu kwenye wimbo. Tulirekodi upya, ikatoka na sauti yake yote. Wengi wameiona. Jibu halijaja. Siku hizi kwaya ikinyamaza pale kati, natoka nje kana kwamba nimepigiwa simu. Kamera naishika kwa sababu watoto lazima wale, lakini ile raha imekufa, na najua ni mimi niliyeiua.

Ninyi mnaofanya kazi hii, sikatai, linda kazi yako. Wezi wapo. Lakini usiandike jina lako juu ya wimbo wa watu kwa sababu tu wewe ndiye uliyeshika kamera. Na lalamiko likikujia, lifungue, usikilize mpaka mwisho, umjue anayekuomba. Hukumu hizi tunazitoa kwa kidole, tumesimama, akili iko kwingine. Mimi sikuwa hata na haraka.

Nilitaka kumaliza hapo, majina yote yakiwa yamefichwa. Lakini nikiyaficha nitakuwa nimezima tena. Mama huyo ni Mama Josefina, wa Niemba. Mtoto anaitwa Kapepe. Ana kovu la uji wa moto kwenye mguu wa kulia, kuanzia goti hadi kisigino, na sasa atakuwa amerefuka. Kama uko Pweto, kama uko Zambia, kama unaishi naye, mama yake yuko Kalemie. Watu wa hapa wakiyasoma majina haya watajua mimi ni nani. Wajue.