Kanda ya Paskalina

Mwaka huu tunakula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, na mimi ndiye ninayeusonga kwa kwaya zinazokuja kurekodi studio ya mjukuu wangu Eliza, hapa Katesh. Siyo kusonga tu. Ninafagia, ninafukuza mbuzi mlangoni, ninamimina dizeli kwenye jenereta. Nimeishia darasa la pili, lakini nilijiona mkurugenzi.

Paskalina, mwimbaji wa kijiji cha Gehandu, alirekodi kwetu kabla hajaugua. Alipofariki, mama yake aliomba ile kanda ipigwe makaburini, maana hana hata picha ya mtoto wake. Eliza akaijaribu kwenye mashine, akaisimamisha katikati ya wimbo, akatoka kutafuta gari. Nikachukua kitambaa nipanguse vumbi. Kitufe chekundu kikazama, taa ndogo ikawaka. Nikaona imependeza.

"Bibi, usiguse mashine," Eliza akasema kutoka dirishani.

"Sifundishwi kazi nyumbani kwangu."

Nikaendelea kupangusa, kanda ikizunguka mpaka mwisho. Gari lilipopiga honi, Eliza aliichomoa bila kuisikiliza tena. Mimi nikakunja kitambaa changu, nikapanda nao garini.

Makaburini kanda ilirudishwa mwanzo, Paskalina akaimba ubeti mmoja. Mama yake akafumba macho, midomo ikimfuata. Halafu sauti ikakatika. Kwenye spika tukasikia kitambaa kikisugua, Eliza akionya kwa mbali, kisha bibi mmoja mkali akamjibu mbele ya jeneza:

"Sifundishwi kazi nyumbani kwangu."