Mwezi wa Pili Kwenye Neno Ghafla

Mhariri wa kamusi yuko kwenye neno "ghafla" mwezi wa pili sasa. Kila asubuhi huvua viatu chini ya meza, huchonga penseli, huipuliza, huichomeka nyuma ya sikio, ndipo apange upya kadi zake: papo hapo, kufumba na kufumbua, ghafla bin vuu. Mpiga chapa wa meza ya pili, anayempenda kimyakimya mwaka wa nne, huvitazama vidole vile vya kinyonga akijiuma mdomo asicheke. Leo mhariri kainuka wima, kadi zote chini.

"Bibie, tuoane!"

Moyo wa mpiga chapa ukafanya paa!

"Lini?"

Mhariri akainama, akaanza kutafuta kadi inayofaa.

"Ziache hizo, bwana wee," akasema mpiga chapa, mkoba tayari begani. "Vaa viatu twende!"