Visanduku Viwili vya Nkuba

Nkuba dereva alikuwa mtu wa kugawa. Ukitaka kumjua, anzia hapo. Akirudi na lori kutoka Zambia hakuomba maji ya kuoga kwanza, wala chakula. Alisimama katikati ya ua wake pale Iyunga, Mbeya, akaweka mzigo chini, akaanza kukata. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, akarudi nyuma akautazama, akaukata tena. Vitenge alinunua pea, rangi moja, maua yaleyale, mpaka wake zake wakitoka pamoja kwenda sokoni Mwanjelwa watu walidhani ni wanakwaya. Sukari, enzi zile za foleni, aliigawa kwa kijiko. Mimi nilikuwa jirani yake. Ukuta wangu ulipakana na mgongo wa nyumba ya mke wake mdogo. Haki ya Mungu, sijaona mwanamume mwenye haki kama yule, na sijaona aliyenichosha kama yule.

Alikuwa Msukuma. Watu wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini wakaweka makao Usangu, lakini yeye ng'ombe hakuwataka, alitaka usukani. Baba yake alikuwa na wake watatu na akampenda mmoja, waziwazi, mchana kweupe. Nkuba alizaliwa nyumba ya asiyependwa. Alinisimulia mara nyingi jinsi mama yake alivyokuwa akiletewa nyama ya shingo huku nyumba ya pili inanukia paja. Akaapa kwamba yeye akioa wawili, hakuna atakayekula shingo.

Na akaoa wawili kweli. Mkubwa ni Ng'washi, mama Magesa, aliyeshuka naye kutoka kaskazini wakati hawana hata sufuria. Mrefu, mkimya, neno lake halirudiwi. Mdogo ni Mbuke, mcheshi, akifua anaimba, akipepeta anaimba. Nyumba zao zilitazamana, mlango kwa mlango, na ua katikati. Kichwani mwa ua kulikuwa na chumba cha Nkuba mwenyewe, na mbele ya mlango wa chumba hicho kiti chake cha mbao, ambacho hakuna mwingine aliyekikalia.

Sasa ule mwaka reli ya Zambia inamaliziwa, Nkuba akarudi na mzigo uliofungwa kwenye blanketi. Mzungu mmoja wa migodini kule Ndola alikuwa amemaliza kazi anarudi kwao, anauza vitu vyake vyote hadi mapazia. Nkuba akanunua mashine ya santuri pamoja na spika zake mbili, visanduku vidogo vya mbao iliyong'arishwa, mbele vimefunikwa kitambaa cha kahawia. Mzungu alimweleza kwamba hizo ni spika za kuweka kwenye rafu ya vitabu. Nkuba hakuwa na rafu wala vitabu, ukiacha Biblia ya Mbuke. Lakini aliona visanduku ni viwili, vinalingana, hata uzito. Alifurahi mno. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kitu kilikuja kimeshagawanywa.

Mnajua alichofanya. Alimwita Kasian, seremala, akatengeneza rafu mbili ndogo, moja nyumba ya Ng'washi, moja nyumba ya Mbuke. Mashine ikabaki chumbani kwake. Waya ukapita chini ya bati, mmoja kushoto, mmoja kulia, kila mke na kisanduku chake. Jioni ya kwanza aliweka santuri, akakaa kitini na koti lake zito, maana ilikuwa Juni na Juni ya Mbeya haina mchezo. Wake zake kila mmoja yuko kwake, mlango umefungwa kwa baridi, jiko la mkaa miguuni. Hata kama kungekuwa na joto wasingetoka. Kusimama uani wakati wa santuri ilikuwa sawa na kufunua chungu cha mwenzio. Kila mtu alipokea fungu lake ndani mwake.

Kulikuwa na santuri moja aliyoipenda kuliko zote. Aliinunua mpya, dukani mjini. Ilikuwa ya Kiswahili, mtu anamwimbia mke wake asifunge mlango, yuko njiani, hata kukikucha atafika. Wimbo wa madereva kabisa. Mimi niliusikia kupitia ukutani kwa Mbuke, neno kwa neno, na nakiri ulinigusa, maana wangu mimi alikwenda Tunduma kutafuta kazi na njia ya kurudi hajaiona hadi leo.

Basi asubuhi moja tuko bombani, Mbuke anasuza ndoo anauimba. Ng'washi akamuuliza ni wimbo gani huo. Mbuke akasema si ule wa baba Magesa, wa kila jioni, wa mwisho. Ng'washi akasema ule hauna maneno. Ni magitaa na ngoma tu. Mbuke akacheka, akidhani anataniwa. Ng'washi hakucheka. Akanigeukia mimi, na mimi kimbelembele nikasema maneno yapo, mama, tena mazuri, nikamwimbia pale pale mwanzo mpaka mwisho. Nilidhani namsaidia. Aliinua ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka.

Jioni akamuuliza mumewe. Nkuba akashangaa. Masikio yake yalisikia mtu anaimba na magitaa yanampokea, kila siku, bila kukosa. Akamwambia pengine mkaa unalia, pengine amesinzia. Akauweka tena. Ng'washi akakaa karibu na kisanduku mpaka sikio likagusa kitambaa. Magitaa. Ngoma. Mtu, hakuna. Kesho yake Mbuke naye akaja na lake: kwake wimbo ni mkavu, mtu anaimba peke yake kama yuko bafuni, na kwa nini magitaa yapelekwe kwa dada tu? Nkuba alishika kichwa. Mmoja hasikii mtu, mwingine hasikii gitaa, na yeye anasikia vyote. Akaanza kuamini wamepanga kumtia wazimu.

Na kilichotuchanganya zaidi, santuri za zamani alizopewa na Mzungu pamoja na mashine zilitoka sawa nyumba zote mbili. Ni wimbo huo mmoja tu uliokuwa kigeugeu. Nikasema basi kisanduku cha Ng'washi kina kasoro ya koo. Nkuba akaona hilo ni neno la akili. Akavibadilisha: cha Mbuke akakipeleka kwa Ng'washi, cha Ng'washi akakipeleka kwa Mbuke, akavifunga kwenye waya zilezile. Akauweka wimbo. Loo! Kisanduku kilichokuwa bubu kikaimba kwa Mbuke vizuri kabisa, na kile kilichokuwa kinaimba, kilipofika kwa Ng'washi, kikapoteza maneno, kikabaki na magitaa.

Hapo hata mimi niliogopa. Kwa hiyo si kisanduku. Ni nyumba. Nyumba ya Ng'washi ndiyo inayokataliwa. Watu wa Iyunga wakaanza kusema mengi, na wengine wakamtajia waganga. Ng'washi hakwenda kwa mganga. Aliendelea kupika, kusalimia, kumwekea mumewe maji, lakini macho yake yalikuwa hayapo tena pale uani. Siku moja tunachambua mboga aliniambia, taratibu tu, "Mama Lutengano, yule anayeahidi kurudi, anamwahidi nani? Maana kwangu hajaahidi kitu."

Nikajua anaondoka. Alikuwa amekwisha kutuma salamu Usangu kwa kaka yake, Seni, aje amchukue. Nkuba alipoambiwa alikaa chini kwenye vumbi, dereva mzima, mtu anayeteremka mlima Kitonga usiku kwenye mvua. Alimpenda yule mwanamke. Sema alimpenda kwa kipimo, asimzidishie, asije mwingine akala shingo.

Seni akaja Jumamosi mchana, na fimbo yake, mtu wa maneno machache. Sanduku la nguo la dada yake lilikuwa tayari mlangoni. Kikao kikawa uani, na mimi nikaitwa kama shahidi. Mgeni akapewa kiti cha Nkuba, kwa heshima. Nkuba akaeleza jambo lote, jasho linamtoka, akamwomba shemeji yake asikilize mwenyewe kwa masikio yake. Wanawake wakaingia kila mmoja kwake, kama kawaida, wakafunga milango. Nkuba akaweka wimbo.

Seni akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti, dada yake asikie huko ndani, kwamba wimbo ni mzima, mtu anaimba na magitaa yapo, na kama hiyo ndiyo sababu ya kuvunja nyumba, basi amemtembeza bure.

Ng'washi akatoka. Uso wake, jamani. Ndugu yake wa tumbo moja amemfanya mwongo mbele ya jirani. Hakulia. Alimwendea mumewe akamwambia, "Baba Magesa, ingia kwangu. Kaa kitandani. Mimi nafunga mlango kwa nje." Nkuba akamtazama Seni, akanitazama mimi, akaingia. Ng'washi akavuta mlango, akaniambia niuweke wimbo. Nilikuwa sijawahi kugusa mashine ile. Nikaingia chumbani kwa Nkuba, nikaiweka sindano ovyo, ikakwaruza, nikatoka nje.

Wimbo ukaanza. Ng'washi alikuwa amesimama pale pale, katikati ya ua, karibu na kiti. Nikamwona anageuza kichwa upande wa kwake, halafu upande wa Mbuke. Magitaa yalikuwa yanakuja kutoka huku, na mtu anaimba kutoka kule, na pale aliposimama vilikutana. Sasa na mimi ndipo nilipotambua kila kimoja kinatoka wapi. Mbuke akafungua mlango wake, akatoka, hakuna aliyemkataza, akasimama mdomo wazi kama aliyemwagiwa maji. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba santuri za aina ile, tofauti na zile za zamani, zilitiwa sauti pande mbili, waimbaji huku, vyombo kule, na spika zake zilitengenezwa zikae rafu moja. Nani alijua? Mzungu hakusema, au alisema na Nkuba alikuwa anawaza kugawa.

Wimbo ulipokwisha Nkuba akagonga mlango afunguliwe. Alitoka amekunja uso kama aliyeamka mahali asipopajua. Akasema, "Mbona humu ndani hakuna mtu anayeimba?"

"Ndiko ninakoishi," Ng'washi akamjibu.

 Kisha Nkuba akaanza kuongea haraka haraka: kumbe ni jambo dogo, ataviweka visanduku vyote viwili kwa Ng'washi, leo hii. Ng'washi akamuuliza Mbuke atasikia nini. Basi ataviweka kwa Mbuke. Akamtazama Mbuke, akaliacha hilo. Basi, akasema, basi wiki hii kwa mmoja na wiki ijayo kwa mwingine. Alikuwa anahesabu kwa vidole, masikini.

Ng'washi akamwambia auweke tena. Kaka yake alikuwa amekwisha kusimama, kwa hiyo Ng'washi akakaa kwenye kile kiti, akamwita Mbuke alete kigoda akae ubavuni. Wakasikiliza wote wawili, kutoka mwanzo, yule mtu anamwambia mkewe asifunge mlango, yuko njiani. Mbuke alilia. Ng'washi alitikisa kichwa polepole kufuata gitaa alilolijua, na kwenye yale maneno ya kufika alfajiri alifumba macho. Mimi nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nikasema haya, yamekwisha, nikaangalia hata wapi nipate mkaa tupike chai ya mgeni.

Sindano ikafika mwisho. Ng'washi akasimama, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akamwambia Seni abebe sanduku.

Nkuba akamfuata mpaka barabarani. Alimwambia si ameona sasa kwamba hakumdanganya? Ng'washi akasema ameona. Akamwambia hana kinyongo, na kwamba wimbo ni mzuri kweli, alikuwa na haki ya kuupenda, maana ulikuwa mzima kwenye kiti chake tu. Akapanda lori la mpunga lililokuwa linarudi Usangu, akakaa juu ya magunia matupu upande wa kaka yake, hakugeuka.

Nkuba akarudi uani. Mbuke alikuwa amejifungia kwake. Nkuba alisimama mbele yangu, mikono imening'inia, mtu mzima yule. "Mama Lutengano," akaniuliza, "nani amepunjwa hapa?" Aliuliza kwa dhati. Alitaka nimtajie mtu na kiasi, akatoe. Nilimhurumia, na papo hapo nilitamani kumpiga kofi, na sikujua lipi lianze. Nikamwambia avae koti lake, baridi inaingia.