Sweta ya Kuzimu

Mwandishi wa tamthilia huandika amesimama, karatasi juu ya sanduku la taa, maana akikaa tu usingizi unamchukua. Sauti imemkauka kwa sigara, na neno asilolipenda hulisugua kwa kidole gumba mpaka karatasi inatoboka. Lefteris, mnasa sauti wa studio ya televisheni ya Athene wanakorekodi tamthilia hiyo, amezoea kumsikia akihema kwenye hedifoni. Siku hiyo lilibaki onyesho la Demetra, mungu wa mavuno wa Wagiriki wa kale, akimuaga bintiye anayerudi kuzimu kwa mumewe. Mama aliandikiwa maneno matatu tu: "Chukua sweta, mwanangu."

"Bibie, huyu ni mungu, si muuza mboga!" mwongozaji akafoka. "Nataka machozi, la sivyo kesho naleta mwandishi mwingine."

"Kwani mungu hazai?" mwandishi akajibu kwa uchovu. "Jaribuni mara moja tu."

Mwigizaji wa Demetra akayasema. Yule aliyeigiza binti, bila kuandikiwa, akageuka na kisirani cha nyumbani: "Ah, mama naye! Sisikii baridi."

Mwongozaji alijifuta macho, akasahau kusimamisha kamera.

"Haya," mwandishi akanong'ona, "niende nikalale, au unamleta huyo mwingine?"